Pantomimu ya Kiingereza na Sauti ya Hadhira

Aghalabu hudhaniwa kwamba mtazamaji anayepaza sauti katika jumba la maonyesho anavunja adabu ya sanaa. Historia ya pantomimu nchini Uingereza yaonyesha kinyume chake. Katika sanaa hiyo hadhira ni mshiriki kamili, na nafasi yake ilipanuka katika zama ambazo sheria iliwafunga vinywa waigizaji wengi.

Neno lenyewe lina asili ya Kiyunani, na katika Roma ya kale lilimtaja mchezaji aliyeigiza kisa kizima kwa viungo vya mwili pasipo kusema. Mjini London, mwanzoni mwa karne ya 18, John Rich alilifufua kwa kuigiza bila ya kutamka neno nafsi ya Harlequin, mhusika wa vichekesho vya Kiitalia. Kwa Rich ukimya ulikuwa chaguo la msanii. Baada ya mwaka 1737 ukawa amri. Sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka huo ilitaka kila mchezo mpya usomwe na kuidhinishwa na Lord Chamberlain, afisa wa ikulu ya mfalme. Tena mjini London tamthilia ya maneno ikawa haki ya majumba mawili tu, Drury Lane na Covent Garden. Majumba mengine, mathalan Sadler's Wells, yaliachiwa muziki, dansi, sarakasi na maigizo bubu. Pengine waigizaji walikunjua vitambaa vilivyoandikwa maneno waliyokatazwa kuyasema, watazamaji wakajisomea.

Aliyeitumia vyema hali hiyo ni Joseph Grimaldi (1778–1837), chale mashuhuri wa Sadler's Wells na Covent Garden, ambaye sifa zake zilienea kwa mchezo wa Mother Goose wa Desemba 1806. Miongoni mwa nyimbo zake ulikuwamo mmoja wa mwaka 1819 uliomhusu mwanamke muuza matufaha aliyependa kulewa. Kila alipofikia neno la kukamilisha kina, Grimaldi alinyamaza. Hadhira ikalitamka jina la pombe kwa kishindo, naye akajifanya ameshtushwa na utovu wao wa adabu. Neno la aibu halikutoka kinywani mwake, bali lilitoka kwa umma.

Umma huo uliijua nguvu yake. Jumba la Covent Garden lilipofunguliwa tena mwaka 1809, baada ya kuteketea mwaka uliotangulia, kiingilio kilipandishwa. Watazamaji walipiga kelele, wakacheza na kuinua mabango kwa muda wa usiku 67, hata meneja wake, John Philip Kemble, akasalimu amri.

Sheria ya mwaka 1843 iliondoa ukiritimba wa majumba hayo mawili, na maneno yakatawala pantomimu. Mwaka 1861 H. J. Byron alimwingiza Widow Twankey katika kisa cha Aladdin, mjane aliyeigizwa na mwanamume. Tangu mwaka 1879 Augustus Harris, meneja wa Drury Lane, aliwaajiri waimbaji wa kumbi za burudani, na baadaye Dan Leno akawa miongoni mwao. Wasanii hao walizoea kuitikiwa viitikio na wasikilizaji wao, na mazoea hayo wakaja nayo. Hata leo, wakati wa Krismasi, watoto wa Kiingereza humpigia kelele mhusika kumwonya kwamba adui yuko nyuma yake.

Hata hivyo, ukaguzi wa miswada haukukoma hadi mwaka 1968. Miaka kumi kabla yake, kikundi cha Theatre Workshop kilishtakiwa na kutozwa faini kwa kusema jukwaani maneno yasiyokuwamo katika muswada ulioidhinishwa. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Maneno ya mwigizaji yaliweza kusomwa mapema na kufutwa kwa kalamu. Jibu la umati halikuwa na muswada wa kukaguliwa.

Msomaji wa fasihi simulizi hataliona jambo hili kuwa geni. Mtambaji wa Kiswahili asemapo "Paukwa!", ngano haianzi mpaka aitikiwe "Pakawa!" Katika sanaa zote mbili, hadhira iliyonyamaza haijawa hadhira bado.