Mkondo: Neno Linalokosekana Penye Betri

Katika nyumba za Bariadi, Lingeka na kwingineko mkoani Simiyu, mfumo wa umeme uliofungwa na mwenye nyumba au fundi wa jirani huwa na vitu vichache: sola juu ya bati, betri ukutani, inveta na nyaya za kuviunganisha. Huitwa umeme mdogo, kwa sababu betri ina volti 12 na soketi ya TANESCO ina 230. Hoja yangu ni kwamba jina hilo ndilo kosa la kwanza la ufungaji, hata kabla koleo halijashikwa, na kwamba dawa yake ni istilahi tuliyo nayo tayari: mkondo.

Kabla ya kuingia katika vitabu vya fizikia, mkondo ulikuwa maji yanayokwenda kwa nguvu upande mmoja, ya mto au ya bahari. Baharia anajua kwamba uso wa bahari unaweza kuwa shwari huku mkondo ukikivuta chombo. Ndiyo maana neno hili linaufaa umeme. Volti ni msukumo. Mkondo ni wingi wa chaji inayopita kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Betri ina msukumo mdogo, lakini mkondo wake unaweza kuwa mkali kupindukia.

Hesabu inathibitisha. Inveta ikitoa wati 1,000, upande wa soketi hupita mkondo wa ampea 4.3 hivi. Upande wa betri, wati hizohizo zinadai ampea 83, achilia mbali zinazopotea ndani ya inveta. Joto la waya nalo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa hiyo waya uleule ukibebeshwa ampea 83 badala ya 4.3 hupata joto zaidi ya mara 360. Anayeunganisha betri na inveta kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, amelifuata jina tu: kaambiwa umeme ni mdogo, akachagua waya mdogo. Kwa mantiki hiyohiyo huacha kuweka fyuzi karibu na ncha ya chanya, huziacha nati zimelegea, au hufunga breka ya kawaida ya nyumbani kwenye betri. Breka hiyo hutegemea mkondo geu, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde na kuipa cheche nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu wa betri haushuki, na cheche yaweza kuendelea kuwaka.

Yupo atakayesema volti 12 hazimpigi mtu shoti ya kuua. Ni kweli, kwa kuwa ngozi kavu huzuia mkondo. Lakini spana ikiangukia ncha mbili za betri haizuii kitu. Mkondo wa mamia ya ampea hupita, chuma kikawa chekundu. Usalama wa mwili si usalama wa nyumba. Mwingine atasema mafundi wanazijua ampea, basi mkondo wa nini? Ampea ni kipimo, kama lita. Anayejua lita bila kujua maji hajui anapima nini. Wa tatu atasema mfano wa maji una mipaka, kwa kuwa bomba likikatika maji humwagika, ilhali waya ukikatika mkondo husimama. Nakubali. Hata hivyo, katika jambo linalounguza nyumba, mfano huo haupotoshi: maji mengi hudai bomba pana.

Faida ya istilahi huonekana pale inapomsaidia mtu kuamua. Betri mbili za volti 12 zikiungwa kwa mfuatano, pamoja na inveta inayolingana nazo, hutoa volti 24. Anayefikiri kwa umeme mdogo na mkubwa ataona hatari imeongezeka. Anayefikiri kwa mkondo ataona kwamba, kwa wati 1,000 zilezile, ampea 83 zimeshuka hadi 42 hivi, na joto la waya uleule limebaki robo.