Sifuri iliyodanganya: kwa nini ukurasa wa majina wa Musonoi ulisimama

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mliotoka Musonoi mkaenda kupanga kartiye nyingine: wengi mliuliza kwa nini ukurasa wetu wa familia zilizohamishwa ulibaki mweupe wiki mbili. Hakuna aliyewafuta.

Ukurasa ule umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliitoa mwaka 1995, na mwanzoni aliitumia kwa ukurasa wake mwenyewe. Ilikuwa lugha ya upole. Ukikosea, mara nyingi ilikisia ulichotaka na kuendelea. Upole huo ulitufaa hata sisi wa radio tulioandika bila kuisomea.

Toleo la 5, la mwaka 2004, lilileta onyo kali juu ya uandishi wa zamani, lakini lilizimwa mpaka uliombe. Nani huomba lawama? Mwaka 2012, toleo la 5.4 liliunganisha onyo hilo na mengine yote. Mwaka 2015 toleo la 7 liliondoa kabisa njia ya kale ya kuzungumza na ghala la data la MySQL, na programu nyingi zikagoma. Kwa kuogopa kuwaacha wenye seva za zamani, WordPress iliendelea kukubali toleo la 5.2 hadi 2019.

Kilichotuangusha sisi ni kidogo zaidi: amri ya kuhesabu. Zamani, ukiiambia PHP ihesabu orodha isiyokuwepo, ilijibu 0 na kunyamaza. Toleo la 7.2, mwaka 2017, likaanza kuonya. Toleo la 8, la Novemba 2020, linasimamisha kazi papo hapo.

Seva yetu ilipohamishiwa toleo la 8, fundi alituonyesha mstari wenyewe. Daftari la avenyu moja hatukuwahi kuliingiza. Miaka yote hiyo ukurasa uliandika: familia 0. Namba hiyo niliisoma hewani mimi mwenyewe. Mama mmoja wa avenyu ile alinipigia simu: «Mwana yangu, shiye si batu?» Nilimjibu kwamba mashine haikosei.

Fundi angeweza kuongeza herufi chache, 0 ikarudi na ukurasa ukafunguka siku ileile. Tulikataa, ndiyo maana mlingoja. Daftari limepatikana, kurasa kadhaa zimelowa mvua. Majina tunayaingiza moja moja. Aliyetoka avenyu hiyo apite studio akague la kwake kabla ya Jumamosi.