Kurudi na kupokelewa: wafungwa wa Jadotville, 1961

Mara mingi mu mikutano tunaulizana: mtu akisha kuvuka mpaka hapa Mokambo na mizigo yake, ni kusema amerudi? Historia ya Katanga yetu inatoa jibu.

Tarehe 13 Septemba 1961, askari wa ONU walianza mapigano mu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, juu ya kumaliza utengano wa Moïse Tshombe. Siku ile ile majandarme wa Katanga wakazunguka kundi la askari wa Ireland waliokuwa kwa ONU kule Jadotville, ndiyo Likasi. Walikuwa zaidi ya 150, mkubwa wao Pat Quinlan. Walipigana siku tano. Maji ikaisha, risasi zikaisha, msaada haukufika. Tarehe 17 wakaweka silaha chini. Walioumia walikuwapo, lakini hata mmoja hakufa.

Usiku ule ule Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa ONU, alikuwa mu ndege akienda kuonana na Tshombe kule Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu, ukipita Mufulira. Ndege ikaanguka, akafa. Mazungumzo hayakufa naye. Tarehe 20, pale pale Ndola, Mahmoud Khiari wa ONU na Tshombe wakatia sahihi ya kusimamisha vita.

Sahihi ile haikurudisha wafungwa mara moja. Ilibidi karatasi ingine, ya tarehe 13 Oktoba, juu ya kubadilishana wafungwa, maana kila upande ulikuwa umeshika watu wa mwenzake. Tarehe 25 Oktoba wale wa Ireland wakaachiliwa. Ilikuwa zaidi ya majuma matano tangu wakamatwe.

Wengi wanaishia hapo. Sisi tunaona kazi ilikuwa paka inaanza. Kule kwao walitazamwa kama watu wa haya, juu walijitoa mikononi mwa adui. Serkali ya Ireland iliheshimu kikosi kile mwaka wa 2016, na medali zikatoka 2017. Quinlan alikuwa amekufa tangu 1997. Kuachiliwa kulichukua majuma. Kupokelewa kulichukua zaidi ya miaka 50.

Na majandarme wenyewe? Utengano uliisha Januari 1963. Wengi hawakuamini kama watapokelewa vizuri, wakavuka kuingia Angola. Mwaka wa 1977, na tena 1978, wakarudi na bunduki, vita ikafika mpaka ndani ya Kolwezi. Wazee wetu wanakumbuka, na tunajua nani aliumia zaidi: raia.

Basi jibu letu ni hili: karatasi inavusha mtu mpaka, lakini ni majirani wanaomrudisha nyumbani. Asiyepokelewa anabaki njiani hata akiwa amelala mu kijiji cha baba yake. Ndiyo sababu mu chama chetu tunaandika jina la kila anayerudi, tunasaidiana pa kulala na pa kulima, na tunakataa mtu aendelee kuitwa mkimbizi kwao mwenyewe.

Kama unajua familia iliyovuka juzi na hakuna aliyepita kuwasalimia, pita wewe kwanza. Kisha uje utuambie ku mkutano.