Historia ya Kidole Gumba
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Nawasalimu ninyi mlioketi Mpanda mjini, Karema, Inyonga, Usevya na Mwese. Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana kalamu mkononi.

Ishike kalamu kama unavyoishika siku zote. Sasa lifiche gumba ndani ya kiganja, kisha jaribu kuandika jina lako kwa vidole vinne vilivyobaki. Herufi zimelewa, sivyo? Haya, waliocheka wanyamaze, tuendelee.

Historia tuliyoizoea ni ya machifu, ya vita na ya reli. Leo tutasoma historia ya kidole kimoja: namna watu walivyopata kujua kwa nini gumba lina nguvu, na kwa nini mara nyingine nguvu hiyo hupotea. Historia hii ina mlango wake katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1960, katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika, kijana Jonathan Leakey, mwana wa Louis na Mary Leakey, alivumbua mabaki ya mtoto wa kale sana. Palikuwa na taya, vipande vya fuvu, na mifupa ya mkono. Wataalamu huhesabu kwamba mtoto huyo aliishi karibu miaka 1,800,000 iliyopita. Mifupa ya mkono akapewa John Napier, daktari Mwingereza, aichunguze.

Napier alikuwa mtu wa kufaa kwa kazi hiyo. Mwaka 1956 alikuwa ameandika kwamba mkono wa mtu hushika kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni kushika kwa nguvu, kama unavyoshika mpini wa jembe: vidole huuzunguka mpini, na gumba hufunga. Ya pili ni kushika kwa uangalifu, kama unavyoshika sindano au mche mdogo wa tumbaku, kwa ncha ya gumba na ncha za vidole. Ni jambo ambalo kila mkulima analifanya kutwa nzima, lakini kulitenga na kulieleza kwahitaji akili iliyotulia.

Katika mifupa ya Olduvai ulikuwamo mfupa mdogo ambao juu yake gumba huanzia. Kwetu sisi mfupa huo una umbo la tandiko la punda. Mfupa wa gumba hukaa juu yake kama mtu aliyempanda punda; aweza kuinama mbele na nyuma, tena kulia na kushoto. Ndiyo maana gumba laweza kuvielekea vidole vingine vyote. Mwaka 1962 Napier aliandika kwamba mkono ule wa kale uliweza kutengeneza zana za mawe. Mwaka 1964 yeye, Louis Leakey na Phillip Tobias walimpa kiumbe yule jina la Homo habilis, maana yake mtu hodari wa mikono.

Lakini mifupa haisemi yote. Mfupa haukamati mfupa. Kinachoifunga mifupa pamoja ni kano, na kano huoza. Ya mtoto wa Olduvai ilikwisha kuoza zamani. Kwa hiyo habari za kano ilibidi zitafutwe kwa watu walio hai, nao walikuwa wafanyakazi.

Tazama gumba lako. Kiungo cha chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono, ndicho kile cha tandiko. Kiungo kinachofuata, pale gumba linapoachana na kiganja, ni kama bawaba ya mlango: kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Ila bawaba hii ni dhaifu kwa umbo, maana mifupa yake imegusana tu, haikuingiana sana. Kila upande imefungwa kwa kano fupi, nene. Kano ya upande wa ndani, inayotazama kidole cha shahada, ndiyo yenye mzigo.

Jaribu kubana ufunguo kati ya gumba na kidole cha shahada. Kidole cha shahada kinalisukuma gumba kwenda nje. Fikiri nguzo iliyofungwa kamba, na upepo unavuma: kamba ya upande utokako upepo ndiyo inayokaza. Kano ya ndani hufanya kazi ya kamba hiyo. Ikikatika, gumba hufunguka upande. Mtu aweza kuwa na misuli kama ya fahali, lakini kikombe kitamponyoka.

Mwaka 1955 daktari aitwaye Campbell aliandika habari za walinzi wa mawindo wa Scotland, watu wa kazi inayokaribiana na ya Mabwana Nyama wetu. Kazi yao moja ilikuwa kuwamaliza sungura waliojeruhiwa. Walimshika mnyama shingoni kati ya gumba na kidole cha shahada, wakamvunja shingo. Mara moja haidhuru kitu. Lakini kwa miaka mingi kano ya ndani ilinyooka kidogo kidogo hata ikalegea kabisa. Madaktari wakauita ugonjwa huo gumba la mlinzi wa mawindo, na jina limebaki mpaka leo, ingawa siku hizi wengi wanaoumia hawajagusa sungura. Huko Ulaya huumia wakianguka katika mchezo wa kuteleza juu ya theluji. Kwetu Mpanda theluji haipo, lakini baiskeli zipo. Mtu akianguka akatanguliza mkono, gumba likiwa limetanuka, kano ile ile hukatika kwa mara moja.

Sasa lilibaki fumbo. Kwa nini baadhi ya kano zilizokatika huunga, na nyingine haziungi hata mgonjwa akingoja mwaka mzima? Mwaka 1962 Bertil Stener, daktari wa Sweden, alitoa jibu. Juu ya kano hiyo umepita utando mgumu wa msuli. Gumba linapopinduliwa sana, ncha ya kano iliyokatika huchomoka, kisha hubaki juu ya utando. Utando umeingia katikati, kama mlango uliofungwa kati ya ndugu wawili. Ncha hizo hazitakutana tena ila kwa kupasuliwa na kushonwa.

Hapo ndipo mazoea yetu yanapotuponza. Gumba likiteguka tunalichua kwa mafuta, tunalivuta, tunarudi shambani. Kano iliyochanika nusu huweza kupona kwa gango au plasta kwa majuma kadhaa. Ile iliyochomoka haiponi kwa kuchuliwa, na ikipita majuma matatu au manne kazi ya kuishona huwa ngumu zaidi. Ukiona uvimbe upande wa ndani wa kiungo kile, na huwezi kubana ufunguo, usilipinde gumba ili kulijaribu. Lifunge na kijiti lisicheze, uende hospitali juma hilo hilo.

Andikeni maneno haya daftarini, kila neno mara tatu: gumba, kano, bawaba, tandiko, utando. Kwa herini.