Kava Ilishuhudia Kabla ya Wimbo

Ninyi wa Kongo hapa Kawangware, na ninyi wa Kibera kuanzia Makina hadi Laini Saba, leo tuongee juu ya kava. Ile karatasi ya kaseti, na baadaye ya VCD, ambayo watoto wetu hawaijui kwa sababu kwao wimbo ni Skiza na picha ndogo kwa simu.

Kwaya ya vijana imeomba pesa ya picha ya albamu yao, na mzee wetu mmoja akasema kikaoni kwamba hiyo ni tamaa ya macho. Mzee namheshimu sana. Lakini wewe unayetoa sadaka yako, jua kwanza historia ya hiki kitu.

Zamani santuri ziliuzwa kwa bahasha ya karatasi tupu. Mwaka wa 1940 kule Marekani, Alex Steinweiss, kijana wa miaka 23 aliyefanya kazi ya uchoraji katika kampuni ya Columbia, aliwaomba wakubwa wake aweke picha kwenye jalada. Wakakubali. Tangu hapo mtu akaanza kuchagua muziki kwa macho kabla ya masikio.

Sasa njoo nyumbani. Bendi ya Super Mazembe ilitoka Kongo, ile ya ng'ambo, wakati huo ikiitwa Zaire, ikafika Nairobi 1974. (Usinikunjie uso. Mtoto wa mtaani hachagui redio ya jirani.) Santuri ndogo za siku zile, za bendi hiyo na nyingine nyingi, ziliuzwa ndani ya bahasha yenye jina la kampuni tu, na tundu katikati ili usome lebo. Picha ya nini? Mnunuzi alikuwa ameshausikia wimbo redioni, alikuja dukani na jina mdomoni. Lakini mwaka wa 1983 kampuni ya Virgin ilipotoa albamu yao, Kaivaska, kule London, ilikuwa lazima iwe na jalada la kuvutia. Mzungu yule hakujua Lingala wala Kiswahili. Unaona? Kava hufanya kazi pale ambapo mnunuzi hakujui.

Na nani hajulikani kama mwimbaji wa injili wa mtaani? Ukiondoa wachache kama Mary Atieno na Mchungaji Faustin Munishi, wengi wa enzi ya kanda hawakuwa na redio ya kuwapigia nyimbo. Kava ndiyo iliwatolea ushuhuda. Ndiyo maana zilifanana: suti au gauni refu, mkono juu, mawingu, maporomoko ya maji, njiwa, jina la kanisa. Watu wanacheka hayo maporomoko. Mimi sicheki. Mama aliyesimama Toi na pesa kidogo alihitaji kujua jambo moja tu kabla hajalipa: huyu ameokoka?

Tena gitaa ni lile lile. Ndugu zetu kutoka Kongo walituletea injili yenye sebene, na mlangoni huwezi kutofautisha sebene ya ibada na ya baa mpaka usikie maneno. Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyeimba hapa kwetu hadi ajali ya barabarani ilipomchukua 2007, alikuwa na wimbo unaoitwa Ebenezer. Soma jina hilo tu, hata kabla ya kusikia gitaa: anayejua Samweli wa Kwanza sura ya 7 ameshajua anachonunua.

Kuhusu suti za kuazima: kuna wanaosema mtu wa nyumba ya mabati akipigwa picha kwenye bustani ya maua mjini amedanganya. Hapana. Soma Kutoka 28 uone Mungu alivyoagiza vazi la Haruni lishonwe kwa utukufu na uzuri, tena kwa watu waliokuwa wakilala hemani jangwani. Kuegemea gari la mwenyewe kana kwamba ni lako, hapo tutakosana. Na mzee akinitajia Samweli nyumbani kwa Yese, kwamba Bwana hutazama moyo, nitasema amina, lakini mteja wa Toi hana macho ya Bwana.

Kitu ambacho wengi hawakukiona kwenye kava ni namba ya simu. Ilikuwa chini, kwa maandishi madogo, na ndiyo iliyolisha familia. Faida ya kanda ilikuwa ndogo. Mwaliko wa mkutano wa injili ndio uliolipa karo. Kisha wakaja wanakili. Diski ya hamsini bob, waimbaji kumi wamepangwa kwenye karatasi moja kama picha za pasipoti, karatasi yenyewe fotokopi, na namba zote zimeondolewa. KECOBO wakaleta stika ya kuthibitisha kazi halali, lakini aliyekuwa akichagua kati ya sima na stika alinunua ya bei rahisi. Mwimbaji akasikika kila matatu, na simu yake haikulia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikao ni huu: picha ilipiwe, suti za kuazima ni sawa, gari hapana, na namba ya kwaya iwekwe kubwa. Uamuzi ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Kama una kava ya zamani nyumbani, hata iliyochanika, njoo nayo tumwonyeshe mzee.