Kwa nini mazoezi makali huleta kichefuchefu?

Kila mwaka maelfu ya wakimbiaji hukusanyika katika mkoa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kushiriki mbio za Comrades, zenye urefu wa takriban kilomita 90 kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg.

Mbio hizo zilianzishwa tarehe 24 Mei 1921 kwa wakimbiaji 34 tu, ili kuwaenzi wanajeshi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Siku hizi washiriki hufikia takriban 20,000, nao hupewa saa 12 kukamilisha safari hiyo.

Wengi hujiandaa kwa maumivu ya miguu. Hata hivyo, kwa baadhi yao kinachowasimamisha njiani ni tumbo: kichefuchefu, kutapika na kushindwa kumeza chochote.

Tatizo hilo haliwakabili wakimbiaji wa masafa marefu peke yao. Humpata pia kijana anayenyanyua vyuma mjini Nairobi, au mchezaji kandanda wa Dar es Salaam anayekimbia kwa kasi mara baada ya kula.

Damu huhama tumboni

Mtu anapopumzika, sehemu kubwa ya damu yake hupita kwenye tumbo, ini na utumbo. Anapoanza mazoezi makali, mwili huielekeza damu hiyo kwenye misuli inayofanya kazi, na kwenye ngozi ili kupunguza joto.

Wataalamu wa tiba ya michezo wanaeleza kuwa katika mazoezi makali sana, damu inayofika kwenye viungo vya kusaga chakula inaweza kupungua kwa hadi asilimia 80. Chakula hubaki tumboni kwa muda mrefu, utumbo hukosa oksijeni ya kutosha, na ubongo hupokea ishara zinazozaa kichefuchefu.

Joto huzidisha hali hiyo. Durban, kama zilivyo Mombasa na Zanzibar, iko kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, ambako hewa huwa na unyevu mwingi. Jasho halikauki upesi, mwili hushindwa kupoa, na damu zaidi hupelekwa kwenye ngozi.

Kukimbia kwenyewe pia hulitikisa tumbo, hasa kwenye miteremko. Ndiyo sababu wakimbiaji hulalamikia tumbo mara nyingi zaidi kuliko waendesha baiskeli.

Chakula na dawa

Vyakula vyenye mafuta, protini au nyuzinyuzi nyingi, kama vile nyama ya kukaanga na maharage, huchelewa kutoka tumboni. Vinywaji vyenye sukari nyingi mno navyo huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na kusababisha tumbo kujaa na kuuma.

Jambo jingine ni dawa za kutuliza maumivu, kama ibuprofen, ambazo baadhi ya wanariadha humeza kabla ya mashindano. Dawa hizo huweza kuudhuru ukuta wa tumbo, na zikichanganyika na upungufu wa maji mwilini huziweka figo hatarini.

Hatari ya maji kupita kiasi

Kwa miaka mingi wakimbiaji walishauriwa kunywa maji kadiri wawezavyo. Ilikuwa Afrika Kusini ambako ushauri huo ulianza kutiliwa shaka.

Mwaka 1985, Profesa Tim Noakes na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wanariadha wanne waliougua katika mashindano yaliyodumu zaidi ya saa saba. Walihitimisha kwamba wanariadha hao walikuwa wamekunywa maji kupita kiasi, hata chumvi aina ya sodiamu katika damu yao ikazimuliwa.

Sodiamu inaposhuka mno, maji huingia katika chembechembe za mwili na ubongo huvimba. Dalili za mwanzo ni kichefuchefu, kutapika na kuumwa kichwa. Baadaye mgonjwa huchanganyikiwa, hupata degedege na huweza kufa.

Katika mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488. Asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa sodiamu. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, ishara kwamba walikunywa kuliko walivyotoa jasho.

Hapo ndipo penye utata. Mtu aliyeishiwa maji na mtu aliyezidisha maji wote huweza kutapika na kuhisi kizunguzungu, lakini kumlazimisha huyu wa pili kunywa zaidi kunaweza kumuua.

Namna ya kujikinga

Wataalamu wanapendekeza mlo mkubwa uliwe saa tatu hadi nne kabla ya mazoezi makali. Muda unapokaribia, kinachofaa ni chakula chepesi chenye wanga, kama ndizi mbivu, mkate mkavu au uji mwepesi.

Katika mazoezi yanayozidi saa moja, wanariadha wengi huhimili gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, zikigawanywa kidogo kidogo. Tumbo nalo huhitaji kuzoezwa: chakula au kinywaji kitakachotumiwa siku ya mashindano kijaribiwe kwanza mazoezini.

Kuhusu maji, mwongozo unaokubaliwa na wataalamu wengi ni kunywa unaposikia kiu. Kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi husaidia: ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi.

Ongeza kasi hatua kwa hatua, na usisimame ghafla unapomaliza. Kusimama ghafla huiacha damu miguuni, shinikizo la damu hushuka, na kichefuchefu hufuata. Tembea polepole kwa dakika chache.

Kichefuchefu kikianza, punguza mwendo, tafuta kivuli, jimwagie maji baridi, na usile hadi tumbo litulie. Kisha rejea kwa vijisehemu vidogo vya kinywaji.

Wakati wa kumwona daktari

Kwa kawaida hali hiyo hupita katika muda wa saa moja. Lakini msaada wa tiba utafutwe mara moja iwapo mtu anatapika bila kukoma, anatapika damu, ana maumivu ya kifua, anakojoa mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea, au anaanza kuchanganyikiwa.

Anayemsindikiza mgonjwa amweleze daktari ni maji kiasi gani aliyokunywa na dawa gani alizomeza. Taarifa hiyo fupi huweza kuamua kama mgonjwa atapewa maji zaidi, au atazuiwa kuyanywa.