Dalali na Mwenye Nyumba: Historia ya Tangazo katika Uuzaji wa Nyumba Afrika Mashariki

Katika mitaa ya Dar es Salaam ni jambo la kawaida kukuta ukuta wa nyumba umeandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa, kwamba nyumba hiyo haiuzwi, na aghalabu huongezwa onyo kwamba wapitao wajihadhari na matapeli. Kampala onyo hilo huandikwa kwa Kiingereza, na Kinshasa kwa Kifaransa. Nyumba inayouzwa kweli, kinyume chake, mara nyingi haina andiko lolote. Habari zake hupita kwa mnong'ono, kutoka kwa mwenyewe hadi kwa dalali wa kijiweni, na kutoka kwa dalali huyo hadi kwa mwenzake wa mtaa wa pili. Isiyouzwa hutangazwa, inayouzwa hufichwa.

Makala haya yanafuatilia jinsi hali hiyo ilivyozuka. Mwenye nyumba anapojiuliza leo iwapo auze mwenyewe au amtafute dalali, huliona swali hilo kuwa la gharama tu: je, asilimia atakayomlipa dalali inastahili? Historia ya uuzaji wa nyumba katika pwani na bara inaonyesha kwamba swali hilo hapo awali lilihusu jambo jingine, nalo ni kama mauzo yatangazwe au yasitangazwe. Yeyote anayekusudia kuwatungia madalali sheria bila kuliona hilo huenda akasajili watu na kuacha tatizo pale pale.

Maneno matatu

Lugha ya Kiswahili ilirithi kutoka Kiarabu maneno matatu ambayo watunga sera huyatumia kana kwamba ni visawe. Dalali limetokana na mzizi uleule uliotupa neno dalili. Dalali ni mtu anayeelekeza, anayeonyesha njia kati ya kitu na mwenye kukitaka. Wakili, pamoja na wakala, lina mzizi wa kukabidhi: wakili husimama mahali pa aliyemtuma, na analolifunga limemfunga aliyemtuma. Mnadi ni mwenye kuita kwa sauti. Kwa hiyo dalali, kwa asili ya neno lenyewe, hana mamlaka ya kuuza nyumba ya mtu. Huonyesha tu. Anayechukua hati za mwenye nyumba na kutia saini kwa niaba yake amekwisha kuwa wakili, ajue asijue, na wajibu wake ni mzito zaidi.

Katika Zanzibar ya karne ya 19 kazi ya dalali na ya mnadi zilikutana katika mtu mmoja. Dalali alizunguka na bidhaa akiitaja bei aliyoipata mwisho, hadi asipatikane wa kuipandisha. Ndivyo watu walivyouzwa pia katika soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Ni sehemu ya historia ya neno hili ambayo mijadala ya biashara ya nyumba hupenda kuiruka. Kilichokuwa muhimu katika mauzo ya namna hii ni sauti. Mali iliyonadiwa hadharani haikuweza kuuzwa bila jirani kusikia, na mwenye dai, awe mrithi, mdai au mshirika katika milki, alipata nafasi ya kujitokeza kabla bei haijafungwa. Malipo ya dalali yalikuwa, kwa sehemu kubwa, malipo ya sauti hiyo.

Wanazuoni wa fikihi walilitafakari jambo hili kwa makini kuliko sheria nyingi za leo. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichotegemewa sana katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, imeelezwa kwamba haisihi kumwajiri muuzaji kwa ajili ya neno tu lisilomchosha, hata kama neno hilo linaifanya bidhaa itoke. Ujira sharti ulingane na kazi. Njia iliyobaki wazi ni ya jiala, yaani zawadi iliyoahidiwa ambayo hulipwa tu kazi ikitimia. Mwenye nyumba wa leo anayelalamika kwamba dalali amedai mamilioni kwa kupiga simu moja, na dalali anayelalamika kwamba amezungusha wateja miezi sita akaishia kurukwa siku ya malipo, wote wawili wamo ndani ya mjadala huo wa kale.

Kuuza mwenyewe: bei ya khiyari

Kuuza bila dalali hakukuanzia katika enzi ya simu za mkononi. Katika Zanzibar na pwani ya karne ya 19 palikuwa na namna ya mauzo iliyofanywa moja kwa moja kati ya mwenye mali na mnunuzi anayemfahamu, kwa maandishi na mbele ya mashahidi: bei ya khiyari. Mwenye nyumba au shamba aliuza mali yake kwa bei fulani, akabakiza haki ya kuikomboa kwa bei ileile ndani ya muda waliokubaliana. Mara nyingi hakuhama hata siku moja. Aliendelea kuishi humo akilipa kodi kwa yule aliyemuuzia.

Kwa umbo yalikuwa mauzo. Kwa maana yalikuwa mkopo, na kodi ilichukua nafasi ya riba ambayo dini inaikataza. Wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na wauzaji walikuwemo Waarabu na Waswahili waliohitaji fedha za msafara, za shamba la karafuu au za harusi. Muda ulipokwisha bila fedha kupatikana, mali ilikwenda. Hapo ndipo hasara ya kutotangaza ilipodhihirika: bei iliyoandikwa haikuwa imepimwa na soko lolote. Ilikuwa kiasi ambacho mkopeshaji alikubali kutoa, na mwenye nyumba mwenye dhiki hakuwa na wa kumlinganisha naye. Hata hivyo, haifai kuichukulia bei ya khiyari kuwa ulaghai mtupu. Ilimpa muuzaji kile ambacho mnada usingempa, yaani stara. Mtu mwenye heshima zake aliweza kuitumia nyumba ya baba yake kupata fedha bila mtaa mzima kujua kwamba amekwama. Stara hiyo ndiyo hadi leo huwafanya wengi wachague kuuza wenyewe, na hakuna jedwali la gharama linaloihesabu.

Upande wa Ng'ambo hali ilikuwa tofauti tena. Wakazi wengi walimiliki nyumba zao lakini si ardhi iliyozibeba. Ardhi ilikuwa ya wakfu au ya mwenye milki mwingine, nao waliilipia kodi ya kiwanja. Mgogoro wa kodi hiyo ndio uliozaa mgomo mkubwa wa mwaka 1928. Katika mazingira hayo nyumba na kiwanja vilikuwa vitu viwili, na kumjua mwenye ardhi kulikuwa na uzito kuliko kumjua dalali.

Sheria ilipoipeleka biashara gizani

Mageuzi makubwa zaidi yalitokea Tanganyika baada ya uhuru. Mwaka 1963 milki huru za ardhi ziligeuzwa kuwa za kupangisha kutoka serikalini, na msimamo ukawa kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichoweza kuuzwa ni maendelezo yaliyomo juu yake. Mwaka 1971, chini ya Sheria ya Utwaaji wa Majengo, serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na usimamizi wake ukawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia ya hatua hizo, ya kuzuia ardhi na nyumba zisiwe chombo cha unyonyaji, ilieleweka na wengi waliiunga mkono. Athari yake kwa biashara ya nyumba ilikuwa nyingine. Kiwanja kiliendelea kuuzwa, lakini kwa jina la msingi, la miti ya matunda au la kibanda kilichojengwa kwa wiki moja. Hakuna aliyeweza kunadi hadharani kitu ambacho sheria ilisema hakina bei.

Neno dalali nalo lilibadilika. Katika msamiati wa Ujamaa, mtu wa kati aliwekwa jirani na mlanguzi, na kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliukoleza ujirani huo. Dalali aliyekuwa sauti ya soko akawa mtunza siri zake. Nafasi ya shahidi ilichukuliwa na mjumbe wa nyumba kumi, na baadaye na ofisi ya serikali ya mtaa, ambako imekuwa desturi katika maeneo mengi kutoza asilimia ya bei ili mauzo yashuhudiwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, lakini tabia zilizojengwa kwa zaidi ya miaka thelathini hazikufutika kwa kifungu kimoja. Zao mojawapo ni "cha juu": kiasi ambacho dalali hukiongeza juu ya bei ya mwenye nyumba na kukiweka mfukoni. Cha juu huwezekana pale tu ambapo muuzaji na mnunuzi hawakutani; katika mnada kisingekaa hata dakika moja.

Anayeumizwa zaidi na siri hiyo si muuzaji wala mnunuzi. Ni mwenye haki asiyekuwepo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakataza nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi mwingine, na Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 ina masharti yanayofanana na hayo. Lakini mke hawezi kukataa mauzo asiyoyasikia. Awe mumewe ameuza mwenyewe kwa rafiki au ameuza kupitia dalali, kwake ni mamoja. Maandishi yale ya ukutani, ambayo mara nyingi huandikwa na ndugu au wenzi wanaogombania mirathi, ni mnada uliopinduliwa: waliokosa tangazo la mauzo wametangaza wao kutouzwa.

Majirani na neno lao

Nchini Kenya dalali ni hasa mpiga mnada, yule anayekuja na amri ya mahakama au ya benki. Kazi yake inasimamiwa na Sheria ya Wapiga Mnada ya 1996, ilhali mawakala wa nyumba wana sheria yao na bodi yao ya usajili. Mkenya akisikia madalali wamefika nyumbani kwa jirani, humhurumia jirani. Mtanzania akisikia hivyohivyo hudhani jirani anatafuta mpangaji. Nchini Uganda mwenye kibanja anayetaka kuuza haki yake hutakiwa kisheria amtangulize mwenye ardhi kabla ya mtu mwingine, hivyo mnunuzi wa kwanza amekwisha kutajwa na sheria kabla mtu wa kati hajatafutwa. Katika Kongo, Rwanda na Burundi neno lililoshika ni komisioneri, kutoka Kifaransa, nalo humtambulisha mtu kwa malipo yake kuliko kwa kazi yake.

Rwanda ina funzo la pekee. Baada ya usajili wa nchi nzima uliosajili vipande zaidi ya milioni 10 kufikia 2013, swali la nyumba hii ni ya nani hujibiwa na daftari, na uhamisho wa milki hupita mbele ya mthibitishaji. Makomisioneri hawakutoweka, ila kazi yao imepungua hadi kumtafuta mnunuzi. Huko, kuuza mwenyewe au kwa mtu wa kati kunaanza kuwa kweli suala la gharama na muda.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi mwanachama. Mrundi anayenunua nyumba Kigoma, au familia ya Bukavu inayouza nyumba ili ihamie Kampala, hukutana basi na mtu aleyule wa kati akiwa na majina matatu na mamlaka matatu tofauti. Tangu sheria za Tanzania zilipotakiwa mwaka 2021 ziwe kwa Kiswahili, wafasiri wana kazi ya kuamua neno lipi liwekwe wapi. Rasimu itakayomwita dalali wakala itakuwa imempa uwezo wa kumfunga mwenye nyumba kwa saini yake. Itakayomwita mnadi itakuwa imemdai atangaze. Na itakayomwacha kuwa dalali bila ufafanuzi itasomwa Mombasa kwa maana moja na Mwanza kwa maana nyingine.